Chuo, kituo cha mazao, kampuni ya mbegu au kompyuta: upeleke wapi ujuzi wako wa mimea na molekuli?

Umeshajua kutoa DNA kwenye jani, kuendesha PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) na kusoma mistari kwenye jeli. Umemaliza shahada, au unakaribia. Swali linalobaki halijibiwi na kitabu chochote cha genetiki: sasa niende wapi?

Njia kubwa ni nne. Ya kwanza ni maabara ya chuo kikuu au taasisi ya utafiti wa msingi, kama John Innes Centre ya Uingereza au taasisi za Max Planck za Ujerumani. Ya pili ni kituo cha kuboresha mazao, kiwe cha taifa au cha kimataifa kama CIMMYT ya Meksiko, inayoshughulikia mahindi na ngano, na IRRI ya Ufilipino, inayoshughulikia mpunga. Ya tatu ni kampuni ya mbegu au ya bioteknolojia. Ya nne ni bioinformatiki, yaani kuchambua data za vinasaba kwa kompyuta, kazi ambayo siku hizi ina ajira zake yenyewe.

Ushauri mwingi huanzia kwenye mshahara au jina la taasisi. Mimi ningeanzia kwenye saa. Mmea una saa yake, nao hauharakishi kukua kwa kuwa mkataba wako unakaribia kuisha. Kila moja ya njia hizi nne inaishi na saa hiyo kwa namna yake. Wengi ninaowaona wakichoka mapema hawakukosa akili wala bidii. Walijifunga kwenye saa isiyolingana na tabia yao.

Kwa hiyo nitazipima njia zote kwa vigezo vitano: saa inayoendesha kazi, tunda linalohesabika kuwa mafanikio, uhuru wa kuchagua swali, mlango wa kuingilia, na usalama wa ajira.

Saa inayoendesha kazi

Katika utafiti wa msingi mmea unaotumika sana ni Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo wa haradali usio na faida yoyote sokoni. Ulipendwa kwa sababu ya saa yake: kutoka mbegu hadi mbegu ni takribani wiki sita hadi nane, na jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni ndogo, karibu herufi milioni 135. Ulikuwa mmea wa kwanza kusomwa jenomu yake, mwaka 2000.

Kuingiza jeni ndani yake ni kazi ya mkono inayopendeza. Unaandaa kikombe cha maji yenye sukari, bakteria wa Agrobacterium wanaobeba jeni na kuiingiza kwenye mmea, na tone la kemikali ya kupunguza mvutano wa maji. Unageuza chungu juu chini, unachovya maua kwa sekunde chache, kisha unaufunika mmea kwa plastiki hadi kesho yake. Wiki kadhaa baadaye unavuna mbegu laini kama vumbi na kuziotesha kwenye agari, jeli ya kuoteshea, yenye dawa. Miche isiyopokea jeni hufifia na kufa. Iliyopokea hubaki kijani, michache mno, pengine mmoja katika mia. Ukiiona ile miche ya kijani kibichi katikati ya mamia iliyopauka, unasahau wiki zote za kungoja. Lakini kazi haijaisha: unahitaji vizazi viwili zaidi ili upate mimea ambayo jeni hiyo imetulia. Nusu mwaka umepita, na jaribio lenyewe ndipo linaanza.

Hiyo bado ni saa ya haraka. Katika njia hii kuna saa nyingine ndefu zaidi, ya kukubalika. Barbara McClintock aligundua vinasaba vinavyohama kwenye mahindi katika miaka ya 1940, na alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 81. Si kila mtu atangoja hivyo, lakini anayeingia utafiti wa msingi awe tayari kukaa na jambo ambalo wenzake bado hawajaliona.

Kwenye kituo cha mazao saa ni msimu. Kuchanganya ngano mbili ni kukaa mbele ya suke na kibano chembamba, ukifungua kila ua na kutoa vichavulio vyake vitatu kabla havijapasuka, bila kuijeruhi stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, iliyo katikati. Kisha unafunika suke kwa mfuko wa karatasi na kuandika tarehe juu yake. Siku chache baadaye unarudi na chavua ya mmea baba. Ukichelewa siku mbili kutoa vichavulio, ua limejichavusha lenyewe na msimu umepotea. Toka hapo hadi aina mpya ya mbegu imfikie mkulima, kwa njia ya kawaida, ni karibu miaka kumi. Siku hizi kuna mbinu ya kuikuza ngano ndani ya chumba chenye mwanga wa saa 22 kwa siku, ikatoa hadi vizazi sita kwa mwaka. Hata hivyo majaribio ya shambani, chini ya mvua, jua na wadudu halisi, hayana njia ya mkato.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mpunga unaovumilia mafuriko. Aina ya asili ya India iitwayo FR13A ilijulikana tangu zamani kwamba haifi upesi ikizama. Wanasayansi waliitafuta sababu katika miaka ya 1990, wakaipata jeni ya Sub1A mwaka 2006, na mwaka 2009 aina ya Swarna-Sub1 ikaidhinishwa India. Inaweza kukaa chini ya maji kama wiki mbili na bado ikatoa mavuno. Tazama jinsi saa mbili zilivyokutana hapo: watu wa maabara waliipata jeni, watu wa mbegu wakaihamishia kwenye mpunga ambao wakulima walikuwa tayari wanaupenda. Bila mmoja wao, mwingine angebaki na nusu ya kazi.

Kwenye kampuni saa ni ya soko. Miradi hukaguliwa mara kwa mara, na ule usioonyesha dalili hufungwa hata kama sayansi yake ni nzuri. Nyanya ya Flavr Savr ya kampuni ya Calgene, iliyobadilishwa jeni ili isilainike upesi, iliingia madukani Marekani mwaka 1994. Kisayansi ilikuwa hatua kubwa, lakini miaka michache baadaye ilikuwa imeshaondolewa kwa sababu biashara haikulipa. Wapo watu wanaoumizwa sana na jambo hili. Wapo pia wanaolifurahia, kwa maana huwaokoa na swali lililokufa ambalo chuoni lingewakalia miaka mitano.

Kwenye kompyuta saa huhesabiwa kwa dakika na saa za kweli. Ukikosea, unarekebisha mstari mmoja wa programu na kuendesha upya kabla ya chakula cha mchana. Ila usidanganyike: sehemu kubwa ya muda huenda kwenye kusafisha data. Faili moja limeandika sampuli "A1", lingine "A01", na programu inakataa kuziunganisha bila kukueleza kwa nini. Unatumia asubuhi nzima kutafuta sifuri moja. Nazo data bado zinatoka kwenye mmea wa mtu fulani, kwa hiyo usipoelewa saa ya mmea utazisoma vibaya.

Tunda la kazi

Chuoni tunda ni makala kwenye jarida lililopitiwa na wataalamu, na jina lako liko nafasi ya ngapi. Mwanzoni unataka liwe la kwanza. Ukishakuwa na maabara yako, la mwisho. Sifa hii ina uzuri wake, kwani makala hubaki yako popote uendapo.

Kituoni tunda ni mbegu iliyoidhinishwa na kupandwa. Makala zipo pia, lakini hazitoshi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao, zikiwemo aina za viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Tunda la aina hiyo huonekana kwenye sahani ya mtoto, na kwa wengine hakuna makala inayoweza kulifikia. Upande wa pili ni kwamba mbegu ni kazi ya kundi kubwa, na jina lako linaweza lisisikike kabisa.

Kampuni hupima bidhaa na hataza. Utafanya kazi nzuri ambayo hutaruhusiwa kuitangaza kwa miaka, pengine daima. Jambo hilo lifikirie mapema kama una nia ya kurudi chuoni, kwa sababu miaka mitatu bila makala huko inasomeka kama miaka mitatu ya kulala.

Mtu wa bioinformatiki ana matunda ya aina tatu: programu inayotumiwa na wengine, hazina ya data, na makala za ushirikiano. Tatizo linalojulikana ni kwamba huwekwa katikati ya orodha ya majina hata pale ambapo uchambuzi wake ndio ulioibeba makala yote. Zungumzeni kuhusu nafasi za majina kabla data hazijafika.

Uhuru wa kuchagua swali

Hapa nitapita haraka. Chuo kina uhuru mkubwa zaidi, ila ni uhuru unaopaswa kuufadhili mwenyewe: swali lako ni lako kama kuna mfuko uliokubali kulilipia. Kituoni swali huletwa na zao na mahali, kwa mfano ukame, kutu ya ngano au gugu la kiduha kwenye mtama, nawe una nafasi ya kuchagua namna ya kulijibu. Kampuni huchagua swali, lakini ikishalichagua huleta fedha, mashine na watu wa kutosha, jambo ambalo watafiti wengi wa chuo hawatalionja maishani. Kwenye kompyuta unaweza kuwa huru sana au mtumishi wa maswali ya wengine, kutegemea kama uko kwenye kundi lenye utafiti wake au kwenye kitengo cha kuhudumia maabara nyingine.

Mlango wa kuingilia

Kuongoza utafiti wako mwenyewe chuoni hakuna njia bila uzamivu, na baada yake kwa kawaida mkataba mmoja au zaidi wa utafiti wa baada ya uzamivu. Fahamu tofauti za mifumo. Marekani programu nyingi za uzamivu huchukua mwenye shahada ya kwanza, hudumu miaka mitano au sita, na katika sayansi hizi kwa kawaida hulipa ada na posho. Ulaya mara nyingi hutaka shahada ya uzamili kwanza, halafu uzamivu ni miaka mitatu hadi minne, na katika nchi kadhaa mwanafunzi ni mwajiriwa mwenye mkataba. Miongoni mwa ufadhili ulio wazi kwa watu wa uraia wowote ni ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Una sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi unayoomba kwenda kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Nimeona watu wakitupwa nje kwa sharti hilo tu, baada ya kuandika maombi mazuri. Wanawake kutoka nchi zinazoendelea waitazame pia OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, inayofadhili uzamivu wa sayansi. Makao yake yako Trieste, Italia.

Kituo cha mazao kina mlango mpana zaidi. Kuna nafasi za mafundi wa maabara na wasimamizi wa majaribio kwa wenye shahada ya kwanza, nafasi nyingi kwa wenye uzamili, na uzamivu kwa anayetaka kuongoza programu ya kuboresha zao. Vituo vya kimataifa hupokea pia wanafunzi wanaofanyia pale utafiti wa shahada iliyosajiliwa kwenye chuo kingine. Kinachotafutwa, zaidi ya vyeti, ni takwimu za majaribio ya shambani. Anayejua kupanga jaribio lenye marudio na kulichambua kwa R, programu ya takwimu, ana nafasi nzuri kuliko anayejua PCR peke yake, kwa sababu wa PCR ni wengi.

Kampuni huajiri ngazi zote, na hutazama ulichowahi kukimaliza kuliko ulichokisoma. Ukuzaji wa tishu za mimea, upimaji wa alama za vinasaba kwa wingi, uhariri wa jeni kwa CRISPR na uzoefu wa taratibu za usalama wa kibayolojia ni ujuzi unaouzika. CRISPR yenyewe ilitangazwa kama chombo cha kukata DNA mwaka 2012, ikawapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Nobel mwaka 2020, na imeingia kwenye mimea kwa kasi. Kumbuka tu kwamba sheria za nchi hutofautiana. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mimea iliyohaririwa jeni iwekwe chini ya sheria za viumbe waliobadilishwa vinasaba, wakati Marekani ilikuwa imechukua mkondo mwepesi zaidi. Uamuzi kama huo unaweza kuhamisha ajira kutoka bara moja hadi lingine.

Mlango wa kompyuta ndio unaoweza kuusukuma leo ukiwa na kompyuta ya kawaida na intaneti. Data ziko wazi: hazina za GenBank na Ensembl Plants, na jenomu 1,135 za Arabidopsis kutoka pembe nyingi za dunia zilizochapishwa mwaka 2016. Jifunze Linux, kisha R au Python, chukua data za makala iliyokwisha kuchapishwa na ujaribu kufikia majibu yaleyale waliyoyapata. Ukifaulu, una kitu cha kumwonyesha mwajiri. Ukishindwa, kwa kawaida utakuwa umejifunza zaidi. Jenomu ya ngano itakupa picha ya ukubwa wa kazi: ina herufi karibu bilioni 16, mara tano ya jenomu ya binadamu, nayo imebeba seti tatu za kromosomu zinazofanana sana. Ndiyo maana jenomu rejea iliyokamilika vizuri ilipatikana mwaka 2018 tu.

Usalama wa ajira

Chuo kina usalama mkubwa mwishoni na mdogo mwanzoni. Kati ya uzamivu na nafasi ya kudumu kuna miaka ya mikataba ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi katika nchi tofauti, na nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitafuta. Hili linasemwa kwa sauti ndogo mno kwa wanafunzi, na linapaswa kusemwa siku ya kwanza.

Kituo cha taifa, kikiwa cha serikali, hutoa ajira tulivu lakini bajeti ya utafiti inaweza kukauka, ukabaki na mshahara bila kemikali. Vituo vya kimataifa vina vifaa bora, ila mikataba hufuata mradi na mfadhili.

Kampuni hulipa vizuri, kisha huungana na kugawanyika. Ndani ya miaka michache tu ChemChina iliinunua Syngenta (2017), Bayer ikainunua Monsanto (2018), na Corteva ikajitenga kutoka DowDuPont (2019). Kila muungano hufuatwa na ukaguzi wa maabara zinazofanya kazi zinazofanana.

Bioinformatiki ina kinga moja ambayo njia nyingine hazina: ujuzi wenyewe unahamishika. Anayechambua jenomu ya mtama anaweza kuhamia ya binadamu, ya virusi, au kutoka kabisa kwenda kwenye takwimu. Hatari yake ni kwamba zana hubadilika upesi. Programu ya AlphaFold, inayobashiri umbo la protini, ilibadili kazi za watu wengi ndani ya miaka miwili, na mwaka 2024 waliohusika nayo walipata sehemu ya Nobel ya kemia. Anayesimama kujifunza hapa hupitwa haraka kuliko kwingine.

Kando ya njia hizi nne kuna benki za mbegu, ambazo wengi huzisahau. Zinahitaji watu wa molekuli wa kuchambua walichonacho, na watu wa mimea wa kukiweka hai. Hifadhi ya mbegu ya Svalbard, Norwe, ilifunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2015 ICARDA, kituo cha kimataifa cha kilimo cha maeneo makavu, ilitoa mbegu zake huko ili kujenga upya mkusanyiko uliokuwa Aleppo, Syria, vita vilipoifanya benki yake ya huko isifikike. Nafasi ni chache, lakini anayependa kazi ya kutunza asiipite bila kuuliza.

Kutegemea hali yako

Kama kuna swali moja linalokunyima usingizi, na unaweza kuvumilia miaka kadhaa bila kujua utaishi wapi, chuo kinakufaa. Chagua mwalimu kabla ya kuchagua chuo. Muulize wanafunzi wake watano wa mwisho wako wapi sasa, na fedha za mwaka wa tatu zinatoka wapi.

Kama unataka kuona kazi yako imeota ardhini, na jua na matope havikusumbui, nenda kituoni. Ukiwa na familia isiyoweza kuhamahama, kituo cha taifa huenda kikakufaa kuliko cha kimataifa, hata kama vifaa ni duni. Jipatie msimu mmoja mzima wa kazi ya shamba kabla ya kuamua, toka kupanda hadi kupura.

Kama unachopenda ni kumaliza jambo, kufanya kazi na kundi lenye vifaa kamili na kulipwa inavyostahili, kampuni isikutie hofu. Kabla ya kusaini soma kifungu cha usiri na kile cha kutofanya kazi kwa washindani, na uulize kama utaruhusiwa kuchapisha chochote.

Kama mzio wa chavua, afya au umbali vinakuzuia kukaa maabara na shambani, au unapenda hesabu kuliko pipeti, kompyuta ni njia kamili, si ya waliokosa nyingine. Ila tenga hata mwezi mmoja wa kuotesha mimea na kutoa DNA kwa mikono yako.

Na kama bado hujui, na una shahada ya kwanza tu, usiingie uzamivu kwa sababu ya kukosa la kufanya. Tafuta kazi ya fundi wa maabara ya mwaka mmoja, kwenye kundi linalofanya kazi na kituo cha mazao au kampuni. Utakuwa unaosha vyombo, unamwagilia miche na kuandaa agari, huku ukiwatazama kwa karibu watu wa njia tatu kati ya hizi nne wakingoja matokeo yao. Angalia ni kungoja kupi ungekuvumilia.